Jeli ya seli shina kwa mgonjwa wa skleroderma: je, tuuze kiwanja?

Swali: Shikamoo daktari. Naandika kutoka Tanga. Mdogo wangu wa kike ana miaka 34, na mwaka jana aliambiwa ana skleroderma. Ngozi ya mikono na uso imekaza, vidole vinakuwa vyeupe kisha vya bluu akigusa maji ya baridi, na sasa ana vidonda viwili kwenye ncha za vidole ambavyo havitaki kupona. Binamu yetu aliyeko nje ametutumia tangazo la kliniki inayochoma jeli yenye seli shina chini ya ngozi. Wanasema jeli inazishikilia seli zisipotee, na kwamba ugonjwa unapona kabisa. Wanataka dola 15,000 kabla hajasafiri. Mama ameshaanza kutafuta mnunuzi wa kiwanja. Je, tiba hii ni ya kweli?

Jibu: Marahaba, dada. Pole kwa mdogo wako, na umpe pole mama. Nianze na la kiwanja, maana ndilo lisiloweza kusubiri: msikiuze kwa ajili ya sindano hiyo. Mpaka ninapoandika, hakuna jeli yenye seli shina (seli changa zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine) iliyoidhinishwa na mamlaka ya dawa ya Marekani, ya Ulaya, wala TMDA yetu, kutibu skleroderma, lupasi, pemfigasi au ugonjwa mwingine wowote wa ngozi unaotokana na kinga ya mwili kumgeukia mwenye mwili. Utafiti wenyewe upo, ni wa kweli, na mimi naufuatilia kwa matumaini. Ila kliniki hiyo inauza kitu ambacho watafiti bado hawajakifikia. Nitakueleza kwa kirefu, kwa sababu ukijua jeli hiyo inaweza nini na haiwezi nini, utaweza kuzungumza na mama bila kumkatisha tamaa.

Skleroderma ina mambo matatu yanayokwenda pamoja. Mishipa midogo ya damu inaumia na kuziba, ndiyo maana vidole vinapauka kwenye baridi na vidonda vya ncha za vidole haviponi: damu haifiki. Kinga ya mwili nayo inatengeneza kingamwili dhidi ya seli za mwili wenyewe. Kisha zile seli zinazotengeneza kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, zinaendelea kuizalisha bila kupumzika, na ngozi inakuwa nene na ngumu. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi mara nyingi hutokea pia mabaka yaliyopoteza rangi, yenye vitone vyeusi kuzunguka vinyweleo. Nimepokea wagonjwa waliopakwa dawa za fangasi miezi mingi kabla hajatokea mtu wa kuwashika mikono na kujaribu tu kuifinya ngozi yao.

Hayo matatu hayaishii kwenye ngozi. Hutokea pia kwenye mapafu, moyo, figo na njia ya chakula. Wagonjwa wengi wanaofariki kwa ugonjwa huu leo wanafariki kwa mapafu na moyo. Lishike hili, maana ndilo linaloamua mengi huko mbele.

Sasa seli zenyewe. Zinazotajwa kwenye tangazo kama lenu kwa kawaida ni seli shina za mesenkaima, ambazo hupatikana kwenye uboho wa mifupa, kwenye mafuta ya chini ya ngozi na kwenye kitovu cha mtoto mchanga. Mwanasayansi wa Kisovieti, Alexander Friedenstein, ndiye aliyezichunguza kwa kina katika miaka ya 1960 na 1970. Arnold Caplan wa Cleveland, Marekani, akaeneza jina hilo mwaka 1991. Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba ukizichoma mwilini zitakwenda kwenye sehemu iliyoharibika na kugeuka kuwa ngozi mpya, mfupa mpya, mshipa mpya. Ushahidi uliokusanywa baadaye haukuonyesha hivyo. Caplan mwenyewe aliandika mwaka 2017 akitaka jina libadilishwe, kwa kuwa linawapa wagonjwa picha isiyo sahihi.

Kinachotokea ni kwamba seli hizi hutoa kemikali. Zikikuta sehemu yenye uvimbe wa kinga, zinatoa vitu vinavyozipoza seli za T (askari wa kinga ya mwili), vinavyowageuza walinzi wengine wa kinga kutoka hali ya kushambulia kwenda hali ya kutengeneza, na vinavyochochea mishipa midogo ya damu kuota. Kwa skleroderma hilo linavutia sana, kwa sababu linagusa kinga na mishipa kwa wakati mmoja.

Tatizo ni kwamba hazidumu. Ukizipitisha kwenye mshipa wa damu, nyingi zinanasa kwenye mapafu na kufa ndani ya siku chache. Ukizichoma moja kwa moja chini ya ngozi zikiwa ndani ya maji ya chumvi, nyingine zinapasuka kwa msukumo wa kupita kwenye tundu jembamba la sindano, nyingine zinafika mahali pasipo na damu ya kutosha, na nyingine zinajiua zenyewe kwa sababu aina hii ya seli inahitaji kitu cha kushikamana nacho ili iendelee kuishi.

Hapo ndipo inapoingia haidrojeli, na hapa tangazo lenu limesema kweli. Haidrojeli ni wavu wa nyuzi ndogo mno ulioshika maji, mara nyingi maji yakiwa zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake. Si kitu kigeni: Otto Wichterle na Drahoslav Lím wa Prague walieleza haidrojeli kwa matumizi ya tiba mwaka 1960, na lenzi laini za macho zimetokana na kazi yao. Jeli za kubebea seli hutengenezwa kwa asidi ya hayaluroniki, gelatini, fibrini, au alijinati inayotokana na mwani wa kahawia. (Mwani unaolimwa huko kwenu Tanga na Zanzibar ni wa jamii nyekundu. Wenyewe hutoa karajinani, ambayo nayo watafiti wanaijaribu kwa kazi hii. Ningefurahi siku moja kuona mwani wetu unafika maabara zetu badala ya kuuzwa nje ukiwa mkavu kwa kilo.)

Jeli nzuri ya kuchomwa hufanya kama dawa ya meno: ukiiminya inatiririka, ukiacha inasimama ilipo. Seli zilizo katikati yake zinapita kwenye sindano bila kupondwa, kisha zinabaki pale zilipochomwa. Wataalamu huongeza kwenye nyuzi vipande vidogo vya protini ili seli zipate pa kushikilia. Hata ugumu wa jeli una maana. Adam Engler na Dennis Discher wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walionyesha mwaka 2006 kwamba seli shina za mesenkaima zikikuzwa juu ya jeli laini huelekea kufanana na seli za neva, juu ya jeli ngumu kiasi huelekea misuli, na juu ya ngumu zaidi huelekea mfupa. Seli inapapasa inapokaa na kubadili tabia kufuatana na inachokipapasa.

Fikiria sasa kidole cha mdogo wako. Ngozi ni ngumu, mishipa imeziba, na imejaa ishara za kemikali zinazoamuru kolajeni itengenezwe. Watafiti wana hofu ya haki kabisa kwamba seli zikiwekwa katika mazingira hayo, baadhi yake zinaweza kujiunga na zile zinazotengeneza kovu badala ya kuzituliza. Oksijeni nayo husafiri umbali mfupi sana kutoka kwenye mshipa wa damu, kama sehemu mbili za kumi za milimita, kwa hiyo tone nene la jeli mahali pasipo na mishipa litaziua seli zilizo katikati hata kama jeli ni bora namna gani. Tena baadhi ya jeli, alijinati ikiwamo, mwili huziona kama kitu kigeni na kuzizungushia ganda la kovu. Kwa mtu mwingine ganda hilo ni usumbufu. Kwa mgonjwa ambaye shida yake ndiyo hiyohiyo ya kutengeneza kovu kupita kiasi, hilo si jambo la kupuuza.

Kwa maneno mengine, jeli inajibu swali la namna ya kuziweka seli hai mahali pake. Swali kubwa zaidi, kama seli hizo zikikaa hai zitamsaidia mgonjwa wa skleroderma, ni lingine kabisa, na majibu yake mpaka sasa yametufundisha kuwa na subira.

Nikupe historia yake, maana hii ndiyo sehemu ambayo kliniki haitawaambia. Huko Marseille, Ufaransa, Brigitte Granel na wenzake waliwachukua wanawake 12 wenye skleroderma, wakavuta mafuta kutoka miilini mwao, wakatenga seli zake na kuzichoma kwenye vidole. Hakukuwa na jeli, zilikuwa seli tupu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalitia moyo sana: maumivu yalipungua, mikono ikafanya kazi vizuri zaidi, vidole vikavumilia baridi. Mtu akisoma hapo tu akaacha, anaweza kuuza kiwanja kwa amani.

Lakini wanawake hao wote walijua wamechomwa seli. Ndipo likafanyika jaribio kubwa zaidi Marekani, lililoitwa STAR, lenye wagonjwa 88. Wote walivutwa mafuta, wengine wakachomwa seli na wengine wakachomwa kimiminika kisicho na seli, na hakuna mgonjwa aliyejua yuko upande gani. Makundi yote mawili yaliona nafuu. Tofauti kati yao haikutosha kusema seli zimefanya kazi, ingawa wenye aina ya ugonjwa iliyoenea mwilini walionyesha dalili ya kunufaika, jambo linalostahili kufuatiliwa. Nafuu ile ya Marseille ilikuwa ya kweli kwa wale wanawake, dada. Kisichojulikana ni kama ilitoka kwenye seli, au kwenye uangalizi wa karibu, matumaini na ugonjwa kupungua wenyewe. Skleroderma ina tabia hiyo: baada ya miaka michache ya mwanzo, ngozi ya wagonjwa wengi hulegea kiasi hata bila tiba mpya. Kliniki ikichoma sindano wakati huo, inaichukua sifa.

Mfano mwingine ni wa darvadstrocel, seli shina za mafuta kutoka kwa watu wengine, zilizochomwa kuzunguka matundu ya njia ya haja kubwa kwa wagonjwa wa Crohn, ugonjwa wa uvimbe sugu wa utumbo. Ulaya waliidhinisha mwaka 2018. Jaribio la pili lililofuata halikuthibitisha faida, na mwishoni mwa 2024 dawa ikaondolewa sokoni. Hiyo ilikuwa bidhaa iliyotengenezwa kwa viwango vya juu kabisa.

Sitaki ufikiri kila kitu kimeshindikana. Korea Kusini iliidhinisha mwaka 2012 seli kutoka damu ya kitovu zilizochanganywa na haidrojeli ya hayaluroniki, kwa ajili ya gegedu la goti lililolika, na huwekwa kwa upasuaji. Watafiti hukohuko walijaribu karatasi ya haidrojeli yenye seli za mafuta juu ya vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari. Katika jaribio la hatua ya pili lililochapishwa mwaka 2019, asilimia 82 ya vidonda vilifunga kabisa ndani ya wiki 12, dhidi ya asilimia 53 kwa wasiopata seli. Lilikuwa jaribio dogo, na kidonda cha kisukari si kidonda cha skleroderma. Marekani nayo iliidhinisha Desemba 2024 tiba yake ya kwanza ya seli hizi, kwa njia ya mshipa, kwa watoto ambao uboho waliopandikizwa umeanza kuwashambulia, ngozi ikiwamo. Kwa hiyo seli hizi zina uwezo wa kutuliza kinga iliyochafuka. Ila kwa jeli ya kuchomwa kwenye ngozi yenye skleroderma, lupasi au psoriasis, sehemu kubwa ya matokeo mazuri mnayoonyeshwa ni ya panya. Panya hao huwa wamechomwa bleomisini ili ngozi ikaze, au wamepakwa krimu ya imikwimodi ili ngozi iwe nyekundu na yenye magamba. Ngozi yao imeugua wiki chache. Ya mdogo wako imebeba ugonjwa kwa zaidi ya mwaka.

Kuna jambo moja linalowachanganya wengi, na huenda binamu alikutana nalo. Ipo tiba ya seli shina iliyothibitishwa kwa skleroderma kali, lakini ni nyingine kabisa: kinga ya mgonjwa hufutwa kwa dawa kali, kisha anarudishiwa seli zake mwenyewe zinazotengeneza damu. Katika jaribio la SCOT lililochapishwa mwaka 2018, baada ya miezi 54 asilimia 79 ya waliopewa tiba hiyo walikuwa hai bila mapafu, moyo au figo kushindwa, dhidi ya asilimia 50 ya waliopewa dawa ya kawaida. Lakini tiba hiyo yenyewe iliua baadhi yao, asilimia 6 kufikia miezi 72, na hufanywa kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa uangalifu mkubwa katika vituo vyenye uzoefu. Muhimbili ilianza kupandikiza uboho kwa saratani ya damu, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, kwa watoto wenye selimundu. Kwa skleroderma bado huku kwetu. Mtu akiwaambia kwamba jeli yake ina ushahidi huo, anaazima sifa ya tiba isiyo yake.

Na hatari? Mgonjwa wa lupasi aliyechomwa seli shina kwenye figo katika kliniki binafsi nchini Thailand aliota uvimbe palepale seli zilipowekwa, akafariki; kisa chake kiliandikwa na madaktari mwaka 2010. Huko Florida wanawake watatu walipoteza uwezo wa kuona baada ya kuchomwa seli za mafuta ndani ya macho, na wote walikuwa wamelipa kwa mikono yao. Wamarekani waliovuka kwenda Mexico kutafuta seli shina wamerudi na maambukizi ya bakteria sugu wa jamii ya kifua kikuu, ambao kuwatibu huchukua miezi. Kwa mdogo wako nina hofu nyingine mahususi. Kidole chenye ngozi iliyokaza hakina nafasi. Ukisukuma jeli ndani yake unaongeza mgandamizo kwenye mishipa ambayo tayari inapitisha damu kwa shida, na jeli ikiingia ndani ya mshipa wa ateri inauziba, kama inavyotokea kwa jeli za urembo wa uso. Anaweza kwenda na kidonda na kurudi akiwa amekatwa kidole.

Kama mnataka kuipima kliniki, iulizeni seli zimetoka kwa nani, ni ngapi zilizo hai wakati wa kuchomwa na nani amezipima, jeli imetengenezwa kwa nini, na mamlaka gani ya dawa ya nchi yao imetoa kibali kwa skleroderma yenyewe. Ulizeni namba ya jaribio kwenye rejesta ya ClinicalTrials.gov au rejesta ya majaribio ya Afrika, na muitafute wenyewe, mkijua kwamba kuandikishwa tu kwenye rejesta si kibali. Likifanyika hapa Tanzania, lazima liwe limepita kamati ya maadili ya NIMR, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa tiba, na TMDA. Utafiti wa kweli haumtozi mshiriki pesa ili ajaribiwe, na hauahidi kupona kabisa. Hilo peke yake linatosha kuniambia mnashughulika na watu wa aina gani.

Sasa pesa mliyo nayo, hata ikiwa ndogo, itumike hivi. Kwanza mapafu: kipimo cha CT cha kifua na kipimo cha kupuliza cha uwezo wa mapafu, hata kama hakohoi, kisha eko ya moyo. Mapafu yakianza kukakamaa kimyakimya ndipo dawa zina faida kubwa zaidi. Dawa inayotumiwa sana kwa mapafu na ngozi ni mikofenoleti. Methotreksati nayo hutumika kwa ngozi. Zote mbili zinadhuru mimba vibaya, na mdogo wako ana miaka 34, kwa hiyo daktari azungumze naye habari ya uzazi kabla ya kidonge cha kwanza. Dada yangu, uliza hata kama yeye anaona haya.

Kwa vidole, nifedipini inapatikana karibu kila mahali na ni ya bei nafuu. Isipotosha huongezwa sildenafili, na bosentani huzuia vidonda vipya visitokee, nayo pia haifai kwa mjamzito. Vidonda vilivyopo vioshwe kwa maji safi ya vuguvugu, vifunikwe, na vichunguzwe kama vina maambukizi au chokaa chini yake. Avae glavu anapofua na anapotoa vitu kwenye friji, na si mikono tu: mwili mzima ukipata baridi, vidole vinafunga. Kama kuna mtu anavuta sigara ndani ya nyumba, aache au avutie mbali kabisa.

Kutoka Tanga, mahali ninapowashauri ni KCMC, Moshi, ambako kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kimekuwa kikifundisha tangu 1992, au Muhimbili. Aende na majibu yote ya zamani, pamoja na ya kingamwili, na aombe ngozi ipimwe kwa alama. Sehemu 17 za mwili hushikwa moja moja na kupewa alama kuanzia 0 hadi 3. Bila namba hiyo ya mwanzo, baada ya mwaka hakuna atakayejua kama tiba imefanya kazi.

La mwisho halihusu jeli ila siwezi kuliacha. Asinunue prednisoloni dukani kupunguza maumivu ya viungo. Dozi inayozidi miligramu 15 kwa siku huongeza hatari ya figo kushindwa ghafla kwa wagonjwa wa skleroderma, hasa wale ambao ugonjwa wao umeenea na uko katika miaka ya mwanzo. Nunueni mashine ya kupima presha, apime angalau mara mbili kwa wiki na kuandika kwenye daftari. Presha ikipanda ghafla juu ya kawaida yake, au akipata kichwa kikali, macho kuona ukungu, au mkojo kupungua, apelekwe hospitali siku hiyohiyo bila kusubiri kliniki yake ya mwezi, na mwambieni daktari wa zamu neno skleroderma kabla ya lolote. Dawa ya kuokoa figo hapo ni kaptopirili, ni ya bei ya chini, na inafanya kazi ikianzwa mapema.